Gesi iliyoganda chini ya bahari: mhadhara uliotolewa Kigoma

Wazee wangu, walimu na vijana mliofika, shikamooni na habari za jioni. Naanza na swali mlilonipa mlangoni: je, Ziwa Tanganyika lina methani iliyoganda, ile haidreti? Halina. Kina tunacho, mita 1,470, na mgandamizo wa kule chini unatosha kabisa. Kinachokosekana ni baridi. Maji ya chini yana nyuzijoto 23 hivi, na kwa kina hicho haidreti haivumilii kupita 16 hivi. Ziwa Baikal la Urusi linayo, kwa sababu chini yake ni baridi kali. Gesi ya majirani zetu wa Kivu ni jambo jingine, imeyeyuka majini tu.

Haidreti ni maji yaliyoganda yakaifungia methani ndani. Mita moja ya ujazo hutoa gesi takriban mita 164 za ujazo. Kuipata, unachimba kisima hadi kwenye tabaka lenye haidreti, unavuta maji yake kwa pampu. Mgandamizo ukishuka, inavunjika, gesi inapanda.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Uzito wa tabaka za juu hubebwa na chembe za mchanga na tope pamoja na maji yaliyo katikati yake. Ukiyapunguzia maji mgandamizo, mzigo unahamia kwenye chembe. Na haidreti iliyokuwa ikizishikanisha, kama saruji kwenye tofali, ndiyo hiyo unayoivunja! Tabaka linasinyaa, sakafu ya bahari inadidimia, bomba la kisima linaweza kupinda. Tena vijia vya gesi vinabanwa, kwa hiyo pupa inaweza kukupunguzia hata hicho ulichokifuata.

Japani walijaribu Machi 2013, kwenye bonde la Nankai, chini ya bahari yao. Siku sita walipata mita za ujazo kama 120,000, mchanga ukaingia kisimani, kazi ikasimama. Waliporudi 2017, kisima cha kwanza kikasumbuliwa na mchanga tena. Cha pili kilikwenda siku 24.

China nao, mwaka 2020, walitoa mita za ujazo 861,400 kwa siku 30 katika eneo la Shenhu, Bahari ya Kusini ya China. Wengi huisifia namba hiyo. Mimi nakisifia zaidi kisima chenyewe, kilicholazwa ndani ya tabaka. Kinagusa eneo kubwa, kwa hiyo unaweza kupata gesi nyingi bila kushusha mgandamizo kupita kiasi. Lakini siku 30 hazinitoshi. Kisima cha biashara ni cha miaka, na tope laini huendelea kusinyaa polepole muda mrefu.

Mzee wetu wa Ujiji ameuliza, nani aamue kiasi cha kuvuta? Jibu langu: mgandamizo ushushwe kwa hatua, na kila hatua vipimo vya sakafu visomwe kwanza. Kikomo cha kudidimia kiandikwe kabla ya kuchimba, na anayesoma vipimo awe na mamlaka ya kuzima pampu siku hiyohiyo, bila kumngoja anayeuza gesi.