Krismasi Bila Tope: Kutoka Mwanga Kigoma Mpaka Perth

ZUHURA: Haya, mwakeye wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo tunarekodia hapahapa Mwanga, kile chumba chetu cha nyuma ya duka, feni tumezima kwa sababu inaingia kwenye maiki, kwa hiyo mkisikia mtu anahema ni sisi. Mimi Zuhura, mtoto wa Ujiji, na mwenzangu leo hayupo kwenye simu, yupo mbele yangu mwili mzima, na kanenepa.

ELIA: Sijanenepa bwana, ni hili shati. Habari zenu jamani, Elia hapa. Nimeingia juzi, na Krismasi naila nyumbani, ya kwanza tangu 2019.

ZUHURA: Tangu 2019! Ndo maana leo mada ni hiyohiyo tu. Na kaka yangu naomba nikuombe radhi kabisa mbele za watu, maana ulivyokuwa unanipigia kutoka Perth, huko Australia unakofanya kazi, unalalamika eti Krismasi ya huku joto, Krismasi ya huku joto, mimi nilikuwa nacheka. Nasema huyu si kazaliwa Kigoma? Angelalamika aliyeenda Kanada ningemwelewa.

ELIA: Hauko peke yako dada Zuu. Hata kazini wananiambia wewe umetoka Afrika, hili joto kwako si kitu. Nikawa nauliza, mnajua Kigoma Desemba kukoje? Hakuna anayejua, kichwani mwao Afrika nzima ni jangwa moja lina simba mmoja. Hebu sema wewe, ukifumba macho ukasema Krismasi ya hapa, unaona nini?

ZUHURA: Mimi Mwislamu wa Ujiji bwana, naona sahani. Sahani ya pilau imefunikwa, inakuja kutoka kwa majirani zetu, na sahani ile inakaa kwetu mpaka Idi ndo inarudi, maana hairudi tupu. Halafu naona watoto mlangoni, "mama naomba sikukuu yangu", wengine hata huwajui wametokea mtaa gani.

ELIA: Na hiyo sahani inafika imefunikwa kwa sababu gani?

ZUHURA: Si mvua!

ELIA: Umejijibu. Kigoma joto lenyewe ni Septemba Oktoba, watu wanachoma mashamba, moshi, vumbi, ziwa hulioni vizuri. Ikiingia Novemba mvua inafunguka, basi ndo mpaka Aprili huko. Krismasi ya kwetu ni kijani na tope. Mimi mdogo, mama alikuwa hatuvalishi viatu vipya nyumbani, tunaenda kanisani pekupeku, viatu viko kwenye rambo, enzi hizo mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku, mkifika kuna bomba pale pembeni ya kanisa mnapanga foleni mnaosha miguu, anakukausha na ncha ya kitenge chake, ndo unavaa kiatu. Kiatu kimekubana kwa sababu kimenunuliwa bila kupimwa. Hiyo kwangu ndo Krismasi, kabla hata ya pilau.

ZUHURA: Sasa umefika Perth...

ELIA: Nilifika Februari 2020, Machi wakafunga mipaka ya nchi. Jimbo lile, Australia Magharibi, ndo walibana mpaka mwisho, wamekuja kufungua kabisa Machi 2022. Kwa hiyo Krismasi mbili za mwanzo hata ningekuwa na hela ya nauli nisingetoka. Desemba ya kwanza nasubiri mvua. Nasubiri tu. Anga bluu, wingu hata la dawa hakuna, majani ya pembeni ya barabara yamekauka rangi ya ugali wa dona. Namuuliza mwenzangu kazini mvua inaanza lini, akanitazama, akasema Juni.

ZUHURA: Juni?

ELIA: Juni mpaka Agosti, huo ndo msimu wao wa baridi na mvua inanyesha hukohuko. Na tuko nusu moja ya dunia, wote kusini, ila sisi tuko karibu na ikweta, haifiki hata digrii tano, wao wako 32. Jua likishuka kusini Desemba, kwetu linakuja na ule mkanda wa mvua, kule linakuta hewa kavu inashuka kutoka juu inakandamiza mawingu yasipande. Kwa hiyo jua lilelile, sisi linatupa tope wao linawakausha.

ZUHURA: Na joto lenyewe ni kama letu la Oktoba?

ELIA: Hapana, ni kavu. Jasho huoni, linakauka kabla halijatoka, midomo inapasuka. Kuna upepo wa baharini mchana unakuja kupoza, wanauita Daktari wa Fremantle, Fremantle ni mji wa bandari pale jirani. Siku akichelewa Daktari unajua umekwisha, maana ina maana upepo unatoka upande wa pili, jangwani.

ZUHURA: Daktari anachelewa hata kule, kumbe.

ELIA: Hahaha. Sasa kichekesho ni mapambo. Nje nyuzi 38, madirishani theluji ya kupuliza na kopo, Baba Krismasi na manyoya mpaka shingoni, nyimbo za theluji dukani kuanzia Novemba. Nikataka kucheka, halafu nikakumbuka mti wetu pale sebuleni Mwanga umebandikwa nini.

ZUHURA: Pamba!

ELIA: Pamba ya hospitali, tunachambua tunaiweka kwenye matawi. Hakuna mtu nyumba ile aliyewahi kuona theluji. Nikanyamaza.

ZUHURA: Wao angalau babu zao waliiona.

ELIA: Na wengine wameiona wenyewe. Mimi nafanya kazi ya kulea wazee, sasa pale kuna bibi mmoja, Mwingereza, alikuja na meli akiwa binti miaka ya 60. Ule mpango wa serikali wa baada ya vita, ulianza 1945, Mwingereza mtu mzima analipa pauni 10 tu anapelekwa Australia. Basi Krismasi yangu ya kwanza nikapangwa zamu, namlisha, akaniuliza kwenu kukoje wakati huu. Nikamwambia kuna mvua, kuna matope, tunaosha miguu kanisani. Akaweka kijiko chini. Akaniambia yeye mwaka wa kwanza alioka bata mzinga kwenye oveni na pudingi akaichemsha masaa, nyumba ya bati, mume wake amevua shati, watu wamekaa wanakula cha moto wanatokwa jasho hawaongei. Kwa nini? Kwa sababu mama yake alimwandikia barua akimuuliza umeoka? Hakutaka kumdanganya mama.

ZUHURA: Jamani.

ELIA: Zaidi ya miaka 50 yuko pale, ana wajukuu, ananiambia ikifika Desemba mwili wake bado unasubiri giza saa kumi jioni. Yeye analilia baridi mimi nalilia tope, tumekaa wawili tunatazama jua dirishani, na jua la kule siku ile linatoka saa kumi na moja alfajiri linazama saa moja na nusu usiku. Hapa kwetu Kigoma inakaribia saa moja ndo linachomoza, tunalala vizuri.

ZUHURA: Sasa wenyewe waliozaliwa pale wanakula nini? Maana kama cha moto hakifai...

ELIA: Wamejiongeza zamani. Nyama ya baridi ile ya nguruwe, samahani dada.

ZUHURA: Endelea tu, haijafika mezani kwangu.

ELIA: Kamba wakubwa wa baharini kwenye barafu, saladi, keki nyeupe ya ute wa mayai na matunda juu. Asubuhi wanaenda ufukweni na kofia nyekundu wanaogelea. Na maembe, wananunua boksi zima, zawadi! Siku ya kwanza nimeona embe moja dola tatu nikapiga picha nikamtumia mama. Unajua alijibu nini? "Mwambie muuzaji aje Ujiji na lori."

ZUHURA: Ujiji pale maembe ya kwetu mbuzi wanachagua. Na hapo Livingstone na Stanley mwaka 1871 walikutania kwenye mwembe, hatukudai hata senti.

ELIA: Haya sasa njoo 2021. Krismasi yenyewe, siku yenyewe, Perth ilipiga nyuzi 42.8. Haijawahi kutokea Krismasi ya joto vile tangu waanze kuweka rekodi. Na mimi ndo mwaka niliosema hapana, napika pilau, nakaribisha Watanzania wenzangu na Warundi wawili, nachoma na mguu wa mbuzi kwa mkaa nje. Nimeshapanga mkaa, nimeshika kiberiti, jirani mzee mmoja akatokeza kichwa juu ya uzio, hajapaza sauti, ananiambia kijana, leo usiwashe hicho. Siku za hatari ya moto wanatangaza marufuku, kuni na mkaa nje hamna, kule cheche moja inaondoka na kijiji. Faini inafika dola 25,000.

ZUHURA: Mguu wa mbuzi wa dola elfu ishirini na tano!

ELIA: Nikarudi ndani nao. Oveni ikawaka, pilau juu, kiyoyozi kinanguruma, watu tisa sebuleni, saa nane mchana umeme ukakata.

ZUHURA: Weeee.

ELIA: Mtaa mzima. Sasa hapo ndo nikajua sisi ni watu wa wapi, maana majirani wametoka nje wanashika vichwa, nyama zao kwenye friji, watoto wanalia, simu zinapigwa kwa watu wa umeme hazipokelewi, sisi mle ndani mmoja akasema "wamekata", basi, kama anasema saa. Tukafungua madirisha ya upande wa kivuli, tukalowanisha kanga tukazitundika, pilau lilikuwa limebakiza kukauka tukalifunika na taulo likajimalizia. Yule mzee wa uzio na mkewe tukawaita wakala kwa mkono. Joto lilikuwa lilelile, ila ndo Krismasi ya kwanza kule sikujihurumia.

ZUHURA: Subiri, subiri kidogo Elia, maiki...

[Rekodi imesimama. Mvua kwenye bati.]

ZUHURA: Haya tumerudi. Imepiga dakika ishirini, tulikuwa hatusikilizani kabisa.

ELIA: Na mimi nimekasirika, niseme tu ukweli. Nilikuwa pazuri.

ZUHURA: Umekasirikia mvua? Wewe?

ELIA: Acha. Sikia, kule unapiga simu mkesha wa Krismasi, tofauti ni masaa matano. Kwa hiyo huku ikigonga saa sita usiku watu wako kanisani wanaimba Kristo kazaliwa, kule ni saa kumi na moja alfajiri na jua ndo linatoka. Mdogo wangu akinipigia video kutoka ndani ya kanisa, picha hamna, giza na bando linakwamakwama, ila sauti inakuja, na nyuma ya kwaya kuna bati linapigwa. Mimi niko kwenye ngazi za nje, kaptula, kandambili, jua tayari linachoma shingo, naweka sauti mwisho. Siyo ya kwaya. Mdogo wangu anasema "ngoja nitoke nje kelele za mvua", namwambia we kaa hapohapo.

ZUHURA: ...Haya umeninyamazisha.

ELIA: Mara chache.

ZUHURA: Hivi hakuna kitu chochote kule kilichokukumbusha huku? Hata kimoja?

ELIA: Kipo, mti. Si unajua hapa mkrismasi, ule wa maua mekundu, tunauita hivyo kwa sababu Desemba ndo unawaka. Kule wana wao, maua rangi ya chungwa kali, na wenyewe wanauita mti wa Krismasi kwa sababu hiyohiyo. Wenyeji wa asili wa pale, Wanoongar, wanauita moodjar, kwao ni mti wa heshima, roho za marehemu zinapumzika kwenye matawi yake kabla ya kuondoka. Ila mizizi yake sasa, inakata mizizi ya jirani inanyonya, imeshawahi kung'ata mpaka nyaya za simu zilizofukiwa.

ZUHURA: Nina mpangaji wa hivyo.

ELIA: Hahaha! Basi nilikuwa nikitoka kazini napita njia ya mbali kidogo niuone.

ZUHURA: Sasa waambie wasikilizaji kilichokupata jana hapa Kigoma, mtaa wa Gungu, au niwaambie mimi.

ELIA: Hicho si cha podikasti.

ZUHURA: Jamani, huyu anayelilia tope tangu 2020, amekuja na raba nyeupe za Krismasi, mpya, kashuka kwenye bodaboda pale Gungu kwenye kona, hatua ya kwanza tu, mguu umeingia mpaka kwenye kifundo, anautoa raba imebaki chini. Halafu alivyotukana! Kiingereza na Kiha! Mama mmoja wa dagaa akamwambia "pole mgeni".

ELIA: Mgeni. Mimi. Nilizaliwa mita mia tatu kutoka pale.

ZUHURA: Raba ziko wapi?

ELIA: Mama kazifua, ziko juu ya jiko la mkaa zinakauka, sasa zimekuwa za njano. Kesho kanisani nitavaa nini mimi?

ZUHURA: Mwambie mama akutafutie rambo.

ELIA: Zimepigwa marufuku.

ZUHURA: Basi zibebe mkononi. Haya, vaa hizo ndala hapo mlangoni twende sokoni kabla haijarudi, vitunguu bado hatujanunua na mimi nasubiri sahani yangu kesho. Zima hiyo, ile nyekundu... siyo hiyo, hiyo nyingine.