Kijana Akitoka Maweni, Nani Anampokea?

BAKARI: Asalaam aleikum na habari zenu, ndugu wasikilizaji. Ni mimi Bakari, na niko na Da Zuhura, hapa hapa Tanga. Leo tunamjibu mama mmoja wa Makorora aliyetutumia ujumbe wa sauti. Mwanawe yuko gereza la Maweni, alifungwa miaka 3 kwa kuvunja duka. Mama anauliza atampokeaje, na anasema bado ana mwaka mzima wa kujiandaa.

ZUHURA: Mama yetu, shikamoo. Hesabu hiyo irudie. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inampunguzia mfungwa mwenye nidhamu theluthi moja ya kifungo. Kwa hiyo miaka 3 inaweza kuwa 2. Na upo msamaha wa Rais, ambao mara nyingi hutangazwa siku ya Muungano, 26 Aprili, au siku ya Uhuru, 9 Desemba. Siku ukienda kumtazama, uliza tarehe yake ya kutoka. Usije ukashtukia kijana yuko mlangoni na chumba chake umekwisha kukipangisha.

BAKARI: Na akikosa chumba, kijiwe kipo. Hili linaniuma, dada. Watu wanasema vijana hawa hawakomi, wakitoka tu wanarudi kwa wenzao wale wale. Sasa jiulize: siku ile anatoka, nani kamwita? Msikitini wanamkwepa, ndugu wanasema tumwangalie kwanza. Kule maskani wanamsogezea nafasi kwenye benchi, wanampa sigara, wanamuuliza kala nini. Anayempokea kwanza ndiye anayempata.

ZUHURA: Kweli kabisa. Lakini kaka, tusimsahau mwenye duka. Mama anasema ni jirani yake, nyumba ya tatu. Yeye ndiye aliyeibiwa, na atamwona kijana anapita kila asubuhi.

BAKARI: Ndiyo, hapo pazito.

ZUHURA: Mimi ningeanzia hapo, tena kabla hajatoka. Mama asiende peke yake. Atafute mzee anayeheshimiwa mtaani, au shehe, au mjumbe, wamfuate mwenye duka nyumbani kwake, si dukani mbele ya wateja. Wamwambie: mtoto anarudi, tumekuja kwako kwanza. Wasimwombe asahau. Wamuulize anataka nini. Pengine anataka kijana aje mwenyewe aombe radhi. Pengine anataka hasara yake ilipwe kidogo kidogo. Na akisema sitaki kumwona, wamsikilize, wasimlazimishe. Kijana atabadili njia.

BAKARI: Na asiende na maneno ya "yameshapita".

ZUHURA: Hapana! Hayajapita kwa aliyeibiwa.

BAKARI: Nije kwenye kazi. Nina rafiki fundi seremala huku Ngamiani, alimchukua kijana aliyetoka jela. Ananiambia randa anaishika vizuri, alijifunza ndani. Kilichomsumbua ni kingine. Kila akifika karakana anasimama mlangoni mpaka aambiwe pita. Akitaka kunywa maji anaomba ruhusa. Siku moja akapita mtu mwenye sare, kijana akachuchumaa palepale, msumeno mkononi. Wenzake wakacheka. Fundi akawanyamazisha, akamwinua, kazi ikaendelea.

ZUHURA: Masikini. Miaka yote ile ya kuchuchumaa na kuhesabiwa.

BAKARI: Basi fundi akamkabidhi ufunguo wa karakana, awe anafungua yeye asubuhi. Watu walimwona kachanganyikiwa. Mimi naona alifanya jambo kubwa kuliko mtaji. Mtu aliyefungiwa mlango kwa miaka, leo mlango anaufungua yeye.

ZUHURA: Ila ufundi bila cheti unamkwamisha. Waajiri wengine wanadai cheti cha tabia njema cha polisi, na hapo kifungo chake kinaonekana. Ndiyo maana nawaambia vijana waulize VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu kurasimisha ujuzi. Unapimwa kwa kazi unayoijua, hata kama hukusoma chuoni, ukifaulu unapata cheti. Na akijitegemea, wateja wa fundi hawaangalii cheti cha polisi, wanaangalia kabati kama limekaa sawa.

BAKARI: Na mikopo ya halmashauri? Ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne za vijana.

ZUHURA: Ipo, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Lakini inapitia kikundi, na mkopo ni deni. Kijana wa wiki mbili nje asiusogelee. Aajiriwe kwanza, azoee kuamka na kulipwa.

BAKARI: Hapo tunatofautiana kidogo. Wengine wana familia, hawawezi kungoja.

ZUHURA: Ndiyo hao hasa ninaowahofia, kaka. Akishindwa marejesho, wanakikundi wote wanadaiwa, na jina lake linaharibika mara ya pili.

BAKARI: Sawa, nimekuelewa. Basi mama wa Makorora, la kwanza uliza tarehe. La pili, tafuta mzee wa kukusindikiza kwa jirani. Na kama yupo fundi yeyote anayetusikia, seremala, makenika, mshona nyavu kule Deep Sea, mwenye nafasi ya msaidizi mmoja, tutumie ujumbe. Tutakuunganisha na huyu mama.

ZUHURA: Na mama, chumba usikipangishe.