Maria Hakufundwa

Assalaam alaykum. Mwenyekiti kanipa nusu saa, na kaniomba nisiyarudie yale niliyoyasema hapa mwaka jana. Nusu saa nimeipokea.

Tangazo pale mlangoni linasema nitazungumzia kutoweka kwa msichana mwema kwenye tamthilia za televisheni. Sikuliandika mie. Mie nisingesema katoweka, kwa sababu kitu kikitoweka hujui kimekwendaje, na huyu mie najua. Lakini tuanze na neno. Wenzetu wa Kiingereza wana neno moja, “innocent”, linalobeba watu wawili: asiye na kosa, na asiyejua kitu. Sisi tulitafute. Asiye na hatia? Hilo la mahakamani. Msafi wa moyo? Sawa, ila bibi mwenye wajukuu kumi na saba anaweza kuwa msafi wa moyo na akajua kila uchafu wa mtaa wake. Na asiyejua kitu kwetu ni zuzu. Mwema kivyake, zuzu kivyake, lugha imewapa kila mmoja nyumba yake. Tamthilia zilipokuja zikawafungisha ndoa, na balaa lilianzia hapo.

Tamthilia zenyewe mnazijua. Mexico, Venezuela, Ufilipino, India: msichana wa kazi, kijana wa kitajiri, mama mkwe, pete, mtoto aliyebadilishwa hospitali, upofu, kupona upofu. Tuendelee.

Nataka kukuelezeni kuhusu mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Wengine mshaisikia. Mtaisikia tena.

Bibi, hivyo ndivyo nyumba nzima ilivyomwita, alikuwa hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Na tamthilia zilikuwa za Kiingereza, tena cha kubandikwa, mdomo umeshafunga na neno bado linatoka. Mkalimani wake alikuwa mwanangu wa mwisho, miaka kumi, mshahara wake kashata. Baada ya isha Bibi hukaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, kijaluba cha tambuu ubavuni, mtoto mbele yake. Mtu kwenye televisheni anasema dakika nzima, anatokwa na machozi, anashika ukuta. Bibi: “Kasema nini?” Mtoto: “Kasema anampenda.” Dakika nyengine nzima, na kioo kimevunjwa. “Kasema nini?” “Kasema hampendi tena.”

Halafu anaingia msichana wetu. Sisi wote tuliwaita Maria, hata wa Kihindi. Maria anaulizwa pete iko wapi. Anaulizwa barua kaandika nani. Anaulizwa jana usiku alikuwa wapi, na jana usiku sote tulimuona alikuwa jikoni. “Kasema nini?” “Kasema hajui.” Kesho yake: “Kasema nini?” “Kasema hajui.” Wiki nzima namna hiyo. Mwisho Bibi akageuka upande, akatema tambuu yake kwenye kopo, akasema: “Huyu mtoto wa watu hakufundwa.”

Nikacheka. Wakati ule nishasomesha fasihi skuli miaka ishirini na mbili. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya wahusika bapa wasiobadilika na wahusika duara wanaobadilika, na Bibi kalimaliza somo kwa maneno matano.

Hapa Unguja sina haja ya kueleza kufundwa ni nini. Bi Kidude alitutoka Aprili 2013, na ulimwengu unamkumbuka kwa sauti, lakini wanawake wengi wa hapa wanamkumbuka kwa unyago. Mwari alikuwa hatoki ndani mpaka somo wake amweleze dunia ilivyo, mumewe atakavyokuwa, wifi atakavyokuwa, na maneno ya watu yanavyokwenda. Akitoka na macho chini, yale macho yalikuwa chini kwa sababu anajua. Haya ya zuzu haina thamani, hana anachokionea haya.

Sasa Disemba 2009. Mnakumbuka wenyewe. Umeme ukakatika Unguja nzima mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Wapemba na majenereta yao walitucheka, na mie sijawasamehe. Pampu za maji zimekufa, tunapanga ndoo usiku, nguo za skuli tunapiga pasi ya mkaa. Na Maria tumemwacha pabaya: mke wa mwenye nyumba, ambaye sisi tulimwita Bibie, katia pete yake ya almasi kwenye mzigo wa Maria, kesho itoke aitwe mwizi. Hapo ndipo giza lilipotukuta.

Wiki ya pili tumekaa barazani na kandili, Bibi akauliza: “Nani anajua mbele ilivyokwenda?” Hakuna. “Basi nyamazeni niendelee mie. Paukwa!” Pakawa.

Maria wa Bibi alikuwa na jambo moja Maria wa televisheni hana. Kila usiku kabla ya kulala alikuwa akikung'uta mzigo wake, kanga moja baada ya moja. Bibi akasema, mwanamke anayekaa nyumba ya watu asipokung'uta kanga zake mwenyewe, siku moja zitakung'utwa na watu. Basi usiku ule kakung'uta, pete ikaanguka sakafuni ikaviringika mpaka mvunguni. Maria hakulia. Hakumwamsha mtu. Kaifunga kwenye pindo la kanga, kapita ukumbini miguu mitupu, kaichomeka chini ya godoro la Bibie upande wa miguuni, karudi, kalala. Asubuhi Bibie anapiga yowe, nimeibiwa! Polisi wameitwa. Mzigo wa Maria umemwagwa uwani mbele ya watumishi, pete hamna. Ndipo mzee wa nyumba aliposema, haya, sasa tutafuteni vyumba vyote, na changu kimo.

Jamani, pale barazani pakawaka. Ustadhati wetu wa mtaani, jirani yangu, akasema Maria kadanganya. Bibi akamuuliza, kasema uongo gani? Ustadhati akasema, hakusema, lakini kafanya hila. Bibi: “Pete ya nani?” “Ya Bibie.” “Imeonekana kwa nani?” “Kwa Bibie.” “Sasa unataka nini, mwanangu?” Tulibishana usiku mbili. Katika maisha yangu ya ualimu sijapata darasa kama lile, na walimu wa baraza hawaandiki ripoti.

Namuona kijana pale nyuma anataka kunyoosha mkono. Najua utasema nini. Utasema, Mwalimu, huo ni ujanja, na mwenye ujanja si mwema tena. Weka mkono chini. Hiyo ndiyo hoja inayonikera miaka yote. Hebu niambie, steringi wa kiume nani aliwahi kumtaka asijue kitu? Anaruka ukuta, anafungua kufuli za watu, anamjua muongo kwa kumtazama viatu, na bado mnamwita mwema. Mnapiga makofi. Huyu dada yake akikung'uta kanga tu, mnamwita fatani.

Na msiniambie haiandikiki. Iliandikwa zamani. Mwaka 1969 kule Peru walionesha tamthilia iitwayo Simplemente María. Msichana katoka kijijini kaja Lima kufanya kazi za ndani, kijana mwanafunzi kampa mimba kamkimbia. Mpaka hapo ni ile ile. Lakini huyu Maria akajifunza kusoma ukubwani, akajifunza kushona, akanunua cherehani, na cherehani ikampeleka mpaka kwenye ubunifu wa mavazi. Singer waliuza cherehani kwa sababu yake. Siku anaolewa na mwalimu aliyemfundisha kusoma, watu maelfu walikwenda kujazana kanisani harusi ikipigwa picha, wengine na zawadi, kama anaolewa jirani yao. Sasa mwema huyu alikuwa zuzu? Alianza hajui, ndiyo. Lakini kazi yote ya hadithi ilikuwa ni kumfundisha. Kila wiki anajua kitu ambacho wiki iliyopita alikuwa hakijui, na wanawake wa Lima wanajua naye.

Raha ya hadithi hii ni kwamba ilifika mpaka kwetu kwa mlango wa nyuma. Mtu mmoja wa Mexico, Miguel Sabido, aliichunguza ile María akijiuliza kwa nini watu wanamfuata hivi, akatengeneza namna ya kuandika tamthilia za kufundishia. Namna hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kwenye Twende na Wakati ya Radio Tanzania, 1993. Wa umri wangu mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, na kimada wake katika kila mji. Nani anamkumbuka mkewe? Tunu! Sauti mbili tu, na wote wanawake. Tunu alianza mnyonge, bwana akirudi anapakua, bwana akiondoka analia. Halafu akajua. Akaanza biashara ya mboga, akamwacha Mkwaju. Hakuna aliyesema Tunu kawa mwovu. Hakumtilia sumu mtu, wala hakubadilisha sauti.

Basi kwa nini hatukumpata Tunu mwengine kwenye televisheni? Mwenyekiti ananionesha vidole, sijui kumi au vitano. Nakimbia.

Waandishi waliona kulia kunalipa. Msichana akijua, hadithi inakwisha mapema. Akiwa hajui, unaweza kumvuta vipindi mia mbili. Kwa hiyo wakamzuia asijue. Waliokuwa wakifuata chaneli za Kihindi wanamkumbuka Gopi, tamthilia ile iliyoanza 2010: kaichukua kompyuta ya mumewe, kaiosha kwa maji na sabuni, kaianika. Mwema! Hilo ndilo tuliloambiwa kuwa ni wema. Sasa ukiwa na mtu wa namna hiyo ndani ya nyumba, nani atakayeendesha hadithi? Inabidi uajiri fatani. Na fatani ndiye peke yake katika nyumba ile anayejua kinachoendelea, basi mtazamaji atakwenda kukaa kwake, atakwenda wapi? María la del Barrio ya 1995 imebeba jina la msichana mwema, na duniani leo wanayemtia kwenye vichekesho vya simu ni Soraya, adui yake. Isidingo pale ITV, mnamkumbuka nani kuliko Cherel? Mwaka 2004 wakaona kwa nini tusumbuke, wakamfanya fatani mwenyewe ndiye steringi, Rubí, ila mwisho wakamkata mguu na kumharibu uso, waonekane bado wana adabu. Miaka saba baadaye ikaja La reina del sur, mwanamke wa biashara ya dawa za kulevya ndiye steringi, na hata ile adabu ya mguu ikaachwa.

Na Hürrem. Jamani Hürrem. Azam walipoileta ile Sultan ya Waturuki kwa Kiswahili, mtaani kwangu hodi zilikatika saa ile, ukienda kuazima chumvi hufunguliwi. Kaanza analia kwenye meli, katekwa, hana baba hana mama, Maria mtupu. Halafu anaingia mule ndani ya jumba la sultani, anafundishwa lugha, anafundishwa kusimama, anafundishwa nani ni nani. Huyu alifundwa! Kafundwa na fitina, lakini kafundwa. Wanawake wa mtaani kwangu waliapa kumchukia na hawakukosa hata usiku mmoja. Mahidevran, mwanamke wa kabla yake, mama wa Mustafa yule aliyeuliwa kwa amri ya babake, sultani mwenyewe, mwaka 1553, nani alimfuata? Wanasema watazamaji siku hizi wameharibika, wanapenda waovu. Si kweli. Wanampenda anayejua, na mwovu ndiye pekee aliyeruhusiwa kujua.

Nilikuwa na habari ya Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed, 1980, na Maimuna aliyefungiwa ndani na babake akaitwa ametunzwa, nione kama mwandishi wetu hakuyasema haya kabla ya Mexico haijatufikia. Niliisomesha mpaka kurasa zikaachana. Naiacha.

Na nilikuwa na neno kwa nyinyi mnaoandika sasa hivi kwenye chaneli za Kiswahili. Fupi basi. Kijana mmoja kaniletea mswada. Kipindi cha kwanza msichana anapigwa vibao vinne, anasema hajui. Kipindi cha tano anarudi na rangi ya mdomo nyekundu, anawamaliza wote. Nikamuuliza, baina ya cha kwanza na cha tano alijifunza wapi? Akasema, Mwalimu, kapita saluni.

Haya, mwenyekiti, nimekaa. Swali moja? Yule dada wa mtandio wa kijani.

Anauliza Maria wa Bibi aliishia wapi. Mwaka jana hakuna aliyeuliza hili. Bibi alimpeleka mbali yule Maria, miezi mitatu si mchezo, kuna mambo ya mirathi sikukwambieni. Usiku wa mwisho Maria kasimama mlangoni kwa mzee wa nyumba, mzigo kwapani, anaaga. Mzee kamtazama, kamuuliza: “Ile pete, ulijua?” Maria kafungua mdomo. Na hapo hapo taa zikawaka mtaa mzima. Yowe! Watoto mbio ndani, mkalimani wetu wa kwanza, televisheni zimeshaanza kupiga kelele nyumba zote. Nikabaki mie na Bibi. Nikampa mkono ainuke, nikamuuliza: “Kasema nini?”

Akasema, “Leo nimechoka. Kesho.”

Kesho yake barazani hapakuwa na mtu. Hata mie nilikuwa ndani.