Tarakimu Uliyoificha Naijuaje?

(Mhadhara kwa wanafunzi wa sekondari na wazazi wao, Dar es Salaam)

Wazazi wangu shikamooni, na vijana karibuni. Chukueni karatasi. Kila mmoja aandike tarakimu nne za mwisho za namba yake ya simu, asinionyeshe. Chini yake aandike tarakimu zilezile, azichanganye apendavyo. Toa namba ndogo kwenye kubwa. Katika jibu ficha tarakimu moja, yoyote isipokuwa sifuri, kisha unitajie zilizobaki. Mpangilio haujalishi.

Dada wa safu ya pili? Nne, saba, tisa. Basi umeficha saba.

Naona jirani zake wanamtazama kana kwamba tulipanga. Hatukupanga. Namba yake sikuijua, na mpaka sasa siijui. Nilijua jambo moja tu: jibu lake lazima ligawanyike kwa 9 bila baki, na namba ya namna hiyo ukijumlisha tarakimu zake unapata kigawe cha 9. Amenitajia 4, 7 na 9, jumla 20. Kigawe kinachofuata ni 27. Pamepungua 7.

Lakini kwa nini lazima? Hapa ndipo ninapotaka tukae, maana anayejua mbinu bila sababu yake bado hajaijua hesabu.

Tuseme namba ni 7,352. Elfu moja ni 999 na 1. Mia ni 99 na 1. Kumi ni 9 na 1. Kwa hiyo elfu saba ni 999 mara saba, na 7 juu yake. Mia tatu ni 99 mara tatu, na 3. Hamsini ni 9 mara tano, na 5. Halafu kuna 2. Zile 999, 99 na 9 zote zinagawanyika kwa 9, ziondoeni. Kinachosalia ni 7+3+5+2, yaani 17.

Sasa zichanganye ziwe 2,573. Ondoa tisa vilevile. Kinasalia nini? 17 ileile! Tarakimu zimehama vyumba tu. Ukitoa, 17 inaondoka na 17, zinabaki tisa tupu. Jibu ni 4,779, nalo ni 9 mara 531.

Na sifuri niliikataza kwa sababu mtu akinitajia tarakimu zenye jumla ya 18, huenda ameficha 9, huenda ameficha 0. Nisingeweza kuzitofautisha.

Kanuni hii ni kongwe. Wanahesabu walioandika kwa Kiarabu waliitumia kuhakiki kuzidisha, na Fibonacci wa Pisa aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1202. Mimi naipenda zaidi dukani. Mwenye duka Kariakoo anafunga hesabu jioni, daftari na fedha havilingani, tofauti ni 9,000. Inagawanyika kwa 9. Kabla ya kumshuku kijana wa kaunta, atafute mahali palipoandikwa 54,000 badala ya 45,000. Si ushahidi kamili, makosa mengine nayo huweza kuangukia kwenye 9, lakini ni pa kuanzia, na huenda pakamwokoa mtu na lawama isiyo yake.

Sasa rudieni kwa namba nzima ya simu, tarakimu zote kumi. Hakuna kitakachobadilika, kwa sababu hata 1,000,000 ni 999,999 na 1.