Kaburi la tunda

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko mlangoni, hamjambo?

Nyumbani kwetu Nyanza kuna kaburi lisilo na mtu. Ndani mna tunda la yago, lile refu linalong'ang'ania mtini kama mkono. Waswahili mti wenyewe huuita mwegea. Sisi Wajaluo, mtu asipopatikana, ndilo huzikwa badala yake.

Babu mdogo alikuwa Keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, upande wa mizinga, kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki. Februari 1944 walipakiwa Mombasa kwenye meli ya Khedive Ismail, safari ya Ceylon, Sri Lanka ya leo. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Wajapani ikaipiga topido. Haikuchukua hata dakika mbili kuzama. Chai mliyo nayo mkononi haipoi kwa muda huo. Walikufa watu 1,297. Manowari za Waingereza zilipoisaka ile nyambizi, zilitupa mabomu majini penye manusura wanaoogelea. Hilo mkewe, nyanya yetu, hakuambiwa, na heri hakuambiwa.

Yeye aliletewa habari kwamba mumewe amepotea baharini. Akalishika neno hilohilo: kupotea. Mbuzi akipotea hutafutwa, sembuse mume? Kigoda cha mumewe akakiweka kando ya mlango, akawa anakifuta vumbi kila asubuhi, na ole wake mtoto atakayekikalia.

Wazee walipokuja na habari za kumrithi, aliwajibu, "Mnirithi kwa kufiwa na nani? Nionyesheni kaburi."

Walirudi mara nyingi. Jibu lilikuwa lile lile.

Mwishowe wakaamua kuzika yago. Wachimbaji walitaka kuchimba shimo dogo, maana tunda ni tunda. Babu, kaka yake marehemu, alikataa katakata: lichimbwe la urefu wa mtu, na yeye mwenyewe akalala chini wampime. Tunda likafungwa blanketi, likateremshwa polepole. Jioni ile nyanya alikikalia kile kigoda kwa mara ya kwanza.

Mwaka jana nilikwenda Nairobi, makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, penye mnara wenye majina ya waliopotea na meli ile. Nikalitafuta la babu mdogo, nikalipiga picha kwa simu, nikampelekea shangazi. Aliitazama kwa muda.

"Kwa hiyo ana makaburi mawili," akasema, "na hayumo hata kwa moja."

Kisha akaniuliza kama nimekula.