Hereni za waya wa shaba na shanga, hatua kwa hatua

Karibuni sana. Leo tunatengeneza jozi moja ya hereni: chini kuna duara la waya wa shaba uliozungushwa, juu yake shanga nne, na kulabu ya sikioni tutaikunja wenyewe. Nitakwenda polepole zaidi sehemu mbili, kitanzi cha kufungia na ncha ya kulabu, kwa sababu hapo ndipo hereni nyingi za mkono zinapoharibikia. Uwe na shanga nzuri namna gani, kitanzi kikiachia utarudi kutoka harusini na hereni moja.

Tuone vifaa kwanza. Hii ni plaizi ya ncha za mviringo. Angalia, meno yake ni membamba mbele na yananenepa kuelekea nyuma. Hii ni plaizi ya ncha bapa, na ukipata ambayo ndani haina mikwaruzo ni bora, maana mikwaruzo inaacha alama kwenye shaba. Hii ni plaizi ya kukatia. Kisha rula, kalamu ya maka, nyundo ndogo, kipande cha chuma bapa cha kugongea, msasa namba 400 na namba 600, na kitambaa cha pamba.

Waya ni wa shaba nyekundu, unene wake milimita 0.8. Kwenye maduka ya vifaa vya urembo utaukuta umeandikwa namba 20. Namba ikipanda waya unakuwa mwembamba: namba 18 ni milimita 1, namba 24 ni nusu milimita. Kwa jozi moja mita moja inatosha na kubaki.

Najua wengi mtataka kutumia waya wa umeme uliobaki nyumbani. Ule wa milimita mraba 1.5 unaokwenda kwenye taa, shaba yake ya ndani ina unene wa karibu milimita 1.4. Hauingii kwenye tundu la shanga hizi wala la sikio. Unafaa kwa bangili, na unafaa sana kujifunzia kuzungusha. Plastiki yake ivue kwa kisu, usiichome moto, ule moshi una sumu. Waya wa kufungia nondo uache kabisa kwa vitu vya kuvaa mwilini, kwa kuwa jasho linaushikisha kutu.

Shanga ninazotumia ni za kioo, saizi ya 8, kipenyo chake karibu milimita 3. Hapa namba zinakwenda kinyume na mategemeo kama kwenye waya: saizi ya 11 ni ndogo kuliko ya 8, na tundu lake mara nyingi halipitishi waya wetu. Kabla hujalipa, chukua kipande cha waya mfukoni ujaribu palepale dukani. Na ukifika nyumbani zimwage kwenye sahani nyeupe uzichambue. Zilizomeguka mdomo, zilizopinda, zenye tundu lililozibwa na rangi, weka kando. Kuna watu wanaona huko ni kupoteza muda, lakini shanga moja iliyopinda inainamisha mstari wote.

Sasa tukate. Vipande viwili vya sentimita 30, na viwili vya sentimita 5. Unapokata, shika ncha zote mbili. Kipande kidogo kikiruka kinaweza kuingia jichoni. Na jambo moja la kushika tangu mwanzo: kila hatua tunaifanya mara mbili papo hapo, hereni ya kushoto na ya kulia. Usimalize moja ndipo uanze nyingine. Mkono unasahau haraka ulivyokunja, na jozi haitalingana.

Nyoosha waya. Shika ncha moja kwa plaizi, uzungushie kitambaa cha pamba, bana kwa vidole halafu vuta kuelekea mwisho. Rudia mara mbili au tatu. Unahisi unavyopata moto kidogo? Ndivyo inavyotakiwa. Lakini usizidishe, maana shaba kila unapoikunja au kuivuta inakuwa ngumu zaidi, na ikishakuwa ngumu mno inakatika.

Tunaanza duara. Chukua kipande cha sentimita 30. Bana ncha kabisa ya waya kwa mbele ya plaizi ya mviringo, pale penye wembamba. Pitisha kidole juu: kama unahisi waya umechomoza, rudisha nyuma kidogo, kwa sababu hicho kinachochomoza kitabaki kimenyooka na katikati ya duara patakuwa na pembe. Sasa geuza mkono hadi upate kiduara kidogo kuliko vyote unavyoweza. Weka plaizi ya mviringo chini, shika ya bapa. Laza hicho kiduara katikati ya meno, bana, na kwa kidole gumba sukuma waya ukumbatie kiduara. Sukuma kidogo, fungua plaizi, geuza, bana tena, sukuma kidogo tena. Tunajenga kama mkeka wa mviringo, kila mzunguko unaegemea uliotangulia. Macho yako yawe mahali waya unapokutana na mzunguko wa ndani. Ukiona mwanga unapita katikati, simama urekebishe hapohapo. Ukishapita mizunguko miwili huwezi kurudi.

Wakati mkono unaendelea niseme kidogo kuhusu umbo hili. Wamaasai wana pambo linaloitwa surutia, waya wa shaba ya njano uliozungushwa hivi hivi, na kwao ni pambo la mwanamke aliyeolewa. Sisi tunajifunza ufundi wa kuzungusha, hatutengenezi surutia, na ningeomba mkiuza hereni zenu msiziite hivyo. Jina lile lina wenyewe. Na waya na shanga kutembea pamoja nchi hii si jambo la jana: misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa imebeba vitambaa, shanga na waya wa shaba, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyopokewa njiani badala ya fedha. Hata leo shanga nyingi za kioo wanazoshonea kinamama wa Kimaasai zinatoka mbali, Jamhuri ya Cheki, nchi ambayo mji wake wa Jablonec nad Nisou umejulikana kwa kazi hiyo kwa vizazi vingi.

Turudi mezani. Pima duara: likifika sentimita moja na nusu, simama. Waya uliobaki uwe kama sentimita 7 au 8. Kama umebaki na mfupi kuliko 6, fungua mzunguko mmoja, kwa sababu kitanzi cha juu kinahitaji nafasi. Tengeneza la pili vilevile, ukilipima kwa kuliweka juu ya la kwanza, siyo kwa rula peke yake. Halafu ligeuze chali. Sasa moja linazunguka kulia na jingine kushoto, na zikivaliwa zitatazamana pande mbili za uso.

Kabla ya kutia shanga tunagonga. Ni kabla, siyo baada. Kioo na nyundo havikai pamoja. Laza duara kwenye chuma bapa, lifunike kwa kipande cha ngozi au kitambaa kilichokunjwa ili nyundo isiache makovu, gonga kwa uzito wa nyundo yenyewe tu. Anza katikati kwenda nje. Nyundo inaikaza shaba. Baada ya hapo duara halitafunguka hata likinaswa kwenye mtandio. Ule waya ulionyooka usiuguse, tunautaka ubaki laini.

Sasa angalia kwa karibu. Waya unatoka kwenye duara ukiwa umelala pembeni. Bana pale unapotokea, juu kabisa ya duara, uinamishe usimame wima, ili uwe mstari mmoja na ile nukta ya katikati. Shika juu kwa vidole viwili, acha duara lining'inie. Likining'inia upande, sogeza hiyo kona kidogo hadi litulie.

Tia shanga. Mimi leo naweka nyeupe, nyekundu, nyekundu, nyeupe. Nimekuwa nikiona watu wakiweka kila rangi iliyopo mezani kwenye hereni moja, na shaba yenyewe inapotea. Shaba nyekundu ni rangi tayari, ihesabu. Ukitaka bluu, weka bluu na nyeupe, basi.

Tumefika kwenye kitanzi, na hapa simamisha video kila unapohitaji. Shanga zimekaa chini. Weka ncha ya plaizi ya mviringo juu tu ya shanga ya mwisho, bana waya. Hiyo nafasi ya milimita mbili hadi tatu iliyochukuliwa na plaizi ndiyo shingo tutakayoisuka. Juu ya plaizi, kunja waya kwa pembe mraba, uelekee kulia. Sasa hamisha plaizi: jino moja juu ya kona na jingine chini yake. Shika waya, upitishe juu ya jino la juu urudi upande wa pili. Umefika nusu. Fungua plaizi, izungushe ili jino la chini liingie ndani ya kitanzi, kisha maliza kuuvuta waya kwa chini hadi ukatize shingo. Umepata duara kamili, na mkia umelala kulia tena.

Ili vitanzi vya hereni zote mbili viwe saizi moja, weka alama ya maka kwenye jino la plaizi mahali ulipokunjia, na cha pili ukunjie kwenye alama ileile.

Bana kitanzi kwa plaizi bapa, bila kukiponda. Kwa mkono mwingine shika mkia, uzungushe shingoni kuelekea kwenye shanga. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu ikiwa nafasi ipo. Ikae imebanana, isipandiane. Ukifika kwenye shanga acha. Ukilazimisha mzunguko mwingine, shanga ya juu inapasuka. Kata mkia, upande bapa wa plaizi ya kukatia ukielekea kwenye kazi. Halafu hicho kijimwiba kilichobaki kibane kwa ncha ya plaizi hadi kilale. Pitisha kidole kuzunguka shingo. Kama kinakwaruza kidole, shingoni kwa mvaaji kitakwaruza zaidi. Rudia kukibana, au kipitishie msasa.

Kulabu sasa. Chukua vile vipande viwili vya sentimita 5. Kila kimoja kunja kitanzi kidogo mwisho mmoja. Kisha vishike vyote viwili kwa pamoja, vitanzi vikilingana, uvikunje kwa mara moja kwenye kalamu ya kawaida. Kwa hiyo kulabu zote mbili zinapata mviringo uleule. Ncha ya nyuma iinue kidogo ielekee nje. Gonga ule mviringo mara mbili tatu taratibu, ukaze, lakini usiubapishe kiasi cha kuzidi tundu la sikio.

Ncha inayoingia sikioni ndiyo inayoniumiza roho ninapoona hereni nzuri imetupwa. Plaizi ya kukatia inaacha makali, hata kama huyaoni. Shika kulabu, sugua ncha kwenye msasa namba 400 huku ukiizungusha, ukiiinamisha kidogo, mpaka iwe na kichwa cha mviringo. Malizia na 600. Kisha ivute polepole juu ya kitambaa laini, soksi nyembamba inafaa. Ikinasa uzi hata mmoja, rudi kwenye msasa. Usipeleke sikioni kitu kinachonasa kitambaa. Osha kwa sabuni, kausha, futa kwa spiriti.

Kuunganisha ni haraka. Kitanzi cha kulabu kifungue kwa kupeleka ncha moja mbele na nyingine nyuma, kama unavyoona. Ukikivuta kulia na kushoto umbo linakufa na halirudi. Ingiza kitanzi cha hereni, funga kwa njia uliyofungulia, pitiliza kidogo ndipo urudishe, mpaka usione mwanya. Jaribu kupitisha uzi pale pa kufungia. Ukipita, bado hakijafungwa.

Kuna masikio yasiyopatana na shaba, na mengine yanawashwa na nikeli iliyomo kwenye kulabu nyingi za bei rahisi. Mwenye sikio la namna hiyo mwekee kulabu ya fedha ya 925, yaani madini ya fedha kwa asilimia 92.5, au ya titani. Hereni inabaki ileile. Shaba ikififia baada ya kuvaliwa, ichovye kidogo kwenye maji ya ndimu na chumvi, suuza kwa maji mengi, kausha palepale. Lakini kama umechanganya kauri za baharini au shanga za kombe, ndimu isizifikie, inazila. Hizo futa kwa kitambaa kikavu tu. Usipozivaa, ziweke kwenye kimfuko kinachofungwa kisiingize hewa, kila jozi na chake.