Kipimo cha haraka cha kaswende kliniki: kuanzia tone la damu hadi sindano

Ndugu wauguzi, wakunga na wataalamu wa maabara,

Mjamzito mwenye kaswende mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Kidonda cha mwanzo hutokea wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa na hakiumi, na kikiwa kwenye shingo ya kizazi, mwenyewe hakioni. Kidonda kinapona, ugonjwa unabaki. Mama anafika kliniki ana afya njema machoni petu, kumbe bakteria wanavuka kondo la nyuma. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kati ya wajawazito wenye kaswende hai iliyoonekana kwa kiwango kikubwa kwenye vipimo vya damu, ambao hawakutibiwa, karibu robo walizaa watoto wafu. Kinachozuia msiba huo ni sindano ya benzathini penisilini, dawa ya bei nafuu.

Kwa miaka mingi tulitegemea RPR, kipimo cha kaswende cha maabara. Damu inatolewa mshipani, inazungushwa kwenye sentrifuji ipatikane seramu (maji ya damu), kisha seramu inachanganywa na kitendanishi (dawa ya kupimia) kwenye kadi inayozungushwa mara 100 kwa dakika, kwa dakika 8. Kitendanishi chenyewe kinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Zahanati isiyo na umeme wa uhakika hupeleka sampuli mbali, mama akaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ijayo shamba linataka palizi, au nauli hakuna. Majibu yanabaki kwenye faili na mimba inakua.

Kipimo cha haraka kimeletwa kuziba pengo hilo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha kwanza kinachopima VVU na kaswende kwenye kaseti moja (kidude cha plastiki chenye utepe wa kupimia ndani), na tangu 2019 linashauri kitumike kama kipimo cha kwanza kwa wajawazito. Angalizo: mama ambaye tayari anajulikana ana VVU na anatumia dawa apimwe kwa kipimo cha kaswende peke yake.

Kazi inaanzia stoo. Vipimo vingi vinahifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30, na stoo ya bati bila dari huvuka 30 saa sita mchana. Weka kipimajoto ukutani, andika asubuhi na mchana. Kama vilikuwa kwenye friji, viache vipate joto la chumba kabla ya kufungua. Pakiti ichanwe mtu akiwa tayari ameketi mbele yako, kwa sababu unyevu huharibu utepe. Kagua tarehe ya mwisho, na pia kile kipakiti cha kukausha unyevu: kikiwa kimebadilika rangi, tupa kaseti.

Andika namba ya mteja na saa kwenye kaseti kabla ya kuchoma kidole. Kaseti tano mezani bila namba ni njia ya uhakika ya kumpa mtu majibu ya mwenzake. Safisha kidole kwa spiriti, subiri kikauke chenyewe. Choma pembeni ya ncha ya kidole, futa tone la kwanza kwa pamba kavu, vuta la pili kwa pipeti hadi kwenye alama. Kwa kipimo cha pamoja kinachotumika sana ni mikrolita 20. Damu pungufu inaweza kuficha mstari; ikizidi, utepe unakuwa mwekundu wote na husomi kitu. Kisha dondosha bafa (kimiminika kinachokuja kwenye boksi la kipimo), matone 3 au 4 kulingana na kipimo, chupa ikiwa wima ili matone yalingane. Soma karatasi ya maelekezo ya boksi hilo hilo, na usitumie kamwe bafa ya boksi jingine. Bafa ikiisha mapema, kuna mtu anazidisha matone, na maji ya kawaida hayawezi kuwa mbadala.

Muda ndio unaotuangusha zaidi, hasa siku zenye foleni. Kama karatasi inasema soma kati ya dakika 15 na 20, ukisoma kwenye ya 7 utaukosa mstari hafifu, na ukirudi baada ya saa moja unaweza kukuta mstari ambao haukuwepo. Saa ya mezani inatosha. Someni penye mwanga mzuri. Mstari hafifu ni mstari: andika "chanya", hakuna "chanya kidogo". Mstari wa kontroli, unaoonyesha kuwa kaseti imefanya kazi, usipotokea, kipimo ni batili hata kama mingine imeonekana. Rudia kwa kaseti mpya.

Sasa maana ya jibu. Kipimo hiki kinatafuta kingamwili dhidi ya bakteria wa kaswende, na kingamwili hizo kwa watu wengi hubaki maisha yote hata baada ya kupona. Kwa hiyo chanya maana yake ana kaswende sasa au aliwahi kuwa nayo. Kwa mjamzito hatungoji kutofautisha: kama hakuna maandishi kuwa ametibiwa kikamilifu, anachomwa sindano leo. RPR, palipo nayo, ifuate baadaye. Na msimrudishe kwenye kipimo cha haraka kuangalia kama amepona; kitabaki chanya na mtamtia hofu bure. Kwa VVU mambo ni tofauti: mstari wa VVU unahitaji kuthibitishwa kwa vipimo vingine kwa mujibu wa mwongozo wa taifa.

Dozi ya benzathini penisilini ni yuniti milioni 2.4 ndani ya msuli, kwa kawaida nusu kila tako. Isipojulikana ameugua tangu lini, zinatakiwa dozi tatu, moja kila wiki. Dawa ni nzito na huziba sindano nyembamba, hivyo tumia geji 21, tikisa vizuri, choma mara tu baada ya kuchanganya, polepole, na kamwe isiingie mshipani. Uliza kuhusu mzio, weka adrenalini karibu, mwache akae dakika 30. Mwambie anaweza kupata homa ndani ya saa 24, na akihisi uchungu wa mimba aje mara moja. Penisilini ya fuwele haiwezi kuziba nafasi hii, maana hutoka mwilini ndani ya saa chache. Mwenza naye atibiwe, la sivyo mama ataambukizwa upya.

Ili mtoto ahesabiwe kuwa amekingwa, mama awe ametibiwa angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Chini ya hapo mtoto achunguzwe na atibiwe. Mtoto mchanga asipimwe kwa kaseti: kingamwili za mama zimo mwilini mwake na zinaweza kubaki zaidi ya mwaka.

Mwisho wa mwezi, fungueni rejista mtafute namba tatu: waliopimwa, waliokutwa chanya, waliochomwa sindano siku hiyo hiyo. Namba ya pili na ya tatu zisipolingana, angalieni kwanza kabati la dawa. Vituo vingi huagiza kaseti na kusahau penisilini. Wanaokutwa chanya wakiwa watatu kwa mwezi, agizeni dozi tisa kwa ajili yao, ongezeni za wenza, na ziandikwe kwenye fomu ile ile ya kaseti.